Redio ya skauti: Darasa la kusikiliza kabla ya kusema

Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya sala ya Isha, tuliingia katika chumba cha madrasa yetu hapa Tanga tukawakuta watoto kumi na wanne wamekaa kimya, na hapakuwa na mwalimu aliyewaamuru wanyamaze. Mzazi yeyote anayewajua watoto atatambua kwamba hilo si jambo la kila siku. Mbele yao palikuwa na meza. Juu yake paliwekwa redio ndogo ya kupokea na kurusha sauti, chini yake betri ya gari, na dirishani ulipita waya uliopanda hadi kwenye mwembe wa uani. Redio ilitoa mvumo kama wa mvua juu ya mabati, na watoto walikuwa wakiusikiliza mvumo huo.

Kimya kile kilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba anayetaka kumsikia mtu aliye umbali wa maelfu ya kilomita hana budi anyamaze. Ya pili ni kwamba alasiri ya siku ile ile, katika chumba kile kile, lilitokea jambo lililotutia aibu sote, na ambalo nusura liifunge kabisa shughuli hii. Tumeona si haki kuwaeleza wasomaji mazuri ya redio hii kisha tukalificha hilo.

Ombi lililofika kwenye kamati

Kundi la skauti la shule iliyo jirani nasi lina watoto wengi ambao jioni ni wanafunzi wa madrasa yetu. Kiongozi wao alituandikia barua kuomba chumba kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, ili watoto washiriki Jamborii ya Hewani, yaani mkutano wa skauti wa dunia nzima unaofanyika kwa njia ya redio kila mwaka katika mwezi wa Oktoba.

Kamati ya msikiti ilikaa vikao viwili. Kwa kuwa kazi ya ukatibu ni kuandika kila linalosemwa, wasiwasi wa wazee na wazazi tuliuandika wote. Mmoja aliuliza watoto watazungumza na watu gani wasiowajua. Wa pili aliuliza sala zitaswaliwa saa ngapi. Wa tatu alitaka kujua mabinti watakaa wapi na nani atakuwa nao. Wa nne, mzee tunayemheshimu sana, aliuliza kama skauti hawana kiapo chenye itikadi ya dini nyingine.

Maswali yale yalikuwa ya haki, na kila moja lilipata jibu. Mtoto hutaja hewani jina lake la kwanza na mji wake tu. Hatoi namba ya simu wala mahali anapoishi, na mtu mzima huwa kando yake muda wote. Redio ingezimwa kila wakati wa sala. Mabinti wangekuwa na zamu yao wakiwa na mwalimu wao wa kike. Kuhusu kiapo, ahadi ya skauti inamtaka kijana atimize wajibu wake kwa Mungu kwa mujibu wa dini yake mwenyewe, na si siri kwamba chama cha skauti chenye wanachama wengi kuliko vyote duniani ni kile cha Indonesia, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Ombi likakubaliwa.

Redio ya ridhaa na chanzo cha Jamborii ya Hewani

Wasomaji wengi wanaifahamu redio koli ya polisi au ya hospitali. Redio ya ridhaa inafanana nayo kwa umbo, lakini madhumuni yake ni mengine. Ni redio ya mtu binafsi anayejifunza ufundi wa mawasiliano bila ya kutafuta faida. Haitumiki kwa biashara, haipigi muziki, wala hairuhusiwi kutumia mafumbo ya kuficha maana. Kila linalosemwa husemwa waziwazi, na yeyote mwenye chombo cha kupokea anaweza kulisikia. Anayerusha lazima awe na leseni, ambayo hapa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na lazima ajitambulishe kwa alama yake ya mwito. Herufi za mwanzo za alama hiyo hutaja nchi: za Tanzania huanza kwa 5H, za Kenya kwa 5Z, za Uganda kwa 5X. Wazee wa redio wanakumbuka kwamba zamani Zanzibar ilikuwa na alama yake, VQ1, na Tanganyika ikiitwa VQ3.

Sauti hufikaje mbali bila ya waya wala mnara? Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita kadhaa za makumi hadi mamia, kuna matabaka ya hewa nyembamba yaliyochajiwa umeme na miale ya jua, yanayoitwa ionosfia. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi yakifika huko hupindwa na kurudishwa ardhini, mbali sana na yalikotoka. Kwa kuwa kazi hiyo inategemea jua, saa ya mchana ina njia zake na saa ya usiku ina njia zake, na nguvu za jua lenyewe hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Antena waliyoitengeneza watoto wetu ni waya wa shaba wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati na kuning'inizwa. Urefu huo ni nusu ya wimbi la bendi ya mita 20. Waliupima wenyewe kwa futi ya fundi cherehani.

Ama Jamborii yenyewe, chanzo chake ni huzuni ya kuagana. Mwaka 1957 maelfu ya skauti walikusanyika katika bustani ya Sutton, karibu na Birmingham nchini Uingereza, kuadhimisha miaka 50 ya uskauti. Miongoni mwao walikuwamo wanaredio wa ridhaa kutoka nchi mbalimbali, na walipokaribia kutawanyika waliahidiana kukutana tena hewani. Mmoja wao, Leslie Mitchell, mwenye alama G3BHK, akaona kwamba mkutano huo usiwe wa marafiki wachache tu bali wa skauti wote. Jamborii ya Hewani ya kwanza ikafanyika tarehe 10 na 11 Mei 1958. Hakuna mshindi wala alama za kufunga. Kinachotafutwa ni mazungumzo.

Wala asidhani mtu kuwa huu ni mchezo wa watoto pekee. Marehemu Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa mwanaredio wa ridhaa mwenye alama JY1, akizungumza na watu wa kawaida wa nchi zote. Mwaka 1983, Owen Garriott alipokuwa mtu wa kwanza kutumia redio ya ridhaa akiwa angani, Mfalme Hussein alikuwa miongoni mwa waliozungumza naye. Vijana wa Jordan walipotengeneza setilaiti yao ndogo, iliyorushwa Desemba 2018, waliiita JY1SAT kwa kumbukumbu yake. Naye marehemu Sultan Qaboos wa Oman alikuwa na alama A41AA, na zaidi ya hayo alikuwa Skauti Mkuu wa nchi yake.

Alasiri ya Jumamosi

Mwenye leseni katika kituo chetu ni mzee mstaafu aliyekuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano. Watoto humwita Babu. Kanuni yake ya kwanza aliibandika ukutani: sikiliza kwanza, hakikisha hakuna anayezungumza, jitambulishe, sema kwa ufupi, kisha mwachie mwenzako nafasi. Siku ya Ijumaa watoto walirusha salamu mara chache tu. Muda mwingine wote walisikiliza. Baadhi yao walichoka. Mtoto aliyezoea simu, ambayo humjibu mara tu anapoigusa, huona tabu kukaa saa nzima akisubiri sauti isiyokuja.

Jumamosi ilipoadhiniwa Alasiri, Babu aliondoka kwenda kutawadha. Alisahau kuzima redio. Kijana mmoja wa miaka kumi na mitano, hodari wa kuchekesha wenzake, akakaa kitini, akashika kipaza sauti na kusema kwa Kiingereza kwamba chombo chao kinazama na wanaomba msaada. Wenzake wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Sauti ya mtu mzima, kutoka kituo cha Afrika Kusini, ilijibu papo hapo. Mtu yule aliwaomba wengine wote kwenye masafa yale wanyamaze, akauliza chombo kiko wapi na kina watu wangapi. Kijana akaduwaa. Sauti ikarudia tena, polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. Babu aliingia miguu ikiwa bado imelowa, akasikia, akaelewa. Alichukua kipaza sauti, akataja alama yake, akasema hakuna chombo kilicho hatarini, kwamba ni mzaha wa mtoto aliyeachwa bila ya mwangalizi, na kwamba dhamana ni yake yeye, si ya mtoto. Akaomba radhi. Kisha akazima redio, akaandika tukio zima katika daftari la kituo kwa mkono wake, saa na dakika, na kusema kwamba Jumatatu angeiandikia mamlaka inayohusika kuwaeleza mwenyewe kabla hawajaelezwa na mwingine.

"Babu, watakunyang'anya leseni?" aliuliza binti mmoja.

"Huenda, mjukuu wangu. Leseni ni amana. Nimeiacha juu ya meza nikaondoka."

Kwa nini mwito wa msaada haufanyiwi mzaha

Usiku ule, kabla ya kuiwasha tena redio, Babu aliwasimulia watoto habari ambayo nasi tunaona wazazi waijue. Mwishoni mwa mwaka 2004, mama mmoja wa Kihindi aitwaye Bharathi Prasad, mwanaredio wa ridhaa, alikwenda na wenzake katika visiwa vya Andaman kurusha kutoka huko, baada ya visiwa hivyo kukaa miaka mingi bila ya kusikika kwenye redio ya ridhaa. Tarehe 26 Desemba bahari ilifurika kwa tsunami. Simu zikakatika. Kikundi kile kilichokwenda kwa ajili ya mapenzi ya redio kikageuka kuwa njia ya kupeleka habari kutoka Port Blair hadi India bara: nani yu hai, nani anatafutwa, nini kinahitajika. Mawimbi yale ya bahari yalivuka hadi pwani yetu na kuua watu hapa Tanzania pia.

Watu wa bara waliyapokea maneno ya Bharathi Prasad kwa sababu wanaredio wamejengewa desturi ya kuamini mwito wa msaada mara ya kwanza unaposikika. Kila mzaha unaitoboa desturi hiyo. Wakija kuzoea uongo, siku ya kweli watachelewa kujibu. Na sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kuzama. Tangu MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba, Septemba 2011, zipo nyumba ambazo bado hazijamaliza msiba.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtume (s.a.w) naye alitahadharisha juu ya anayesema uongo ili kuwachekesha watu. Mafunzo hayo watoto wetu wanayo kichwani tangu darasa la chini. Wengi wanaweza kuyasoma bila ya kutazama kitabu. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza, tuliwaona wameyaelewa. Simu ya mkononi huwafunza kuwa neno ni jepesi: ukikosea unafuta, ukipokea unasambaza, na aliyeumia humuoni. Redioni neno likishatoka halifutiki, na mtu wa mbali huacha shughuli zake kwa ajili yako.

Baba wa kijana alifika baada ya Isha kumchukua mwanawe moja kwa moja na asirudi tena. Babu alimwomba amwachie hadi kesho. "Leo amejifunza nusu," alimwambia. "Ukimwondoa sasa, atabaki na nusu hiyo hiyo." Baba alinyamaza kwa muda, kisha akakubali kwa sharti kwamba kijana asiguse kipaza sauti.

Jumapili

Kijana alipewa kazi ambayo wenzake waliikimbia. Alivalishwa spika za masikioni, akapewa daftari na kalamu, na kuambiwa aandike kila anachosikia: saa, alama ya mwito, na jinsi sauti inavyosikika. Wanaredio hupima usikivu kwa namba 1 hadi 5, na nguvu ya sauti kwa namba 1 hadi 9. Alikaa tangu asubuhi, akiondoka kwa sala na chakula tu. Aliandika kwa herufi nzuri, lakini hakuzungumza na mtu.

Kabla ya Magharibi alinyoosha mkono. Babu hakusikia kitu. Kiongozi wa skauti naye hakusikia kitu. Kijana akasisitiza kwamba chini ya mvumo kuna mtu, na kwamba alama yake inaanzia A4. Hiyo ni alama ya Oman. Babu aligeuza kidogo kitufe cha masafa, akamwita mtu huyo, akasubiri, akamwita tena. Sauti ikapanda taratibu kama mtu anayekaribia kutoka mbali. Ilikuwa ya mwanaredio wa Muscat, akizungumza Kiingereza cha kawaida cha redio. Babu alipotaja Tanga, mtu yule alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili safi: "Assalaam alaykum, mzee wangu. Shikamoo. Habari za Tanga?"

Chumba kizima kilisimama. Bibi yake mtu yule, tulielezwa, alizaliwa Pemba, na Kiswahili alikipata jikoni kwake. Watoto, mmoja mmoja, chini ya usimamizi wa Babu, walitoa salamu. Binti mdogo kuliko wote alimuuliza kama Muscat kuna maembe. Mazungumzo hayakufika robo saa. Jua lilikuwa linazama, njia ikabadilika, na sauti ikarudi chini ya mvumo.

Kijana hakuzungumza. Baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu dakika za mwanzo, alimtazama Babu, Babu akamtazama yeye, na sharti halikuvunjwa. Lakini katika daftari, mbele ya alama ile ya Oman, kijana ameandika usikivu 3, nguvu 4, na saa kamili aliyomsikia. Ni maandishi madogo, wala hakuongeza neno jingine.

Uamuzi na ombi letu kwa wazazi

Kamati ilikutana wiki iliyofuata. Wapo waliotaka chumba kifungwe, na hatuwalaumu. Mwishoni iliamuliwa kwamba shughuli iendelee mara mbili kwa mwezi kwa masharti haya: redio isiachwe ikiwaka bila ya mtu mzima hata kwa dakika moja, izimwe kabla ya adhana, si baada yake, kila kikao awepo mzazi mmoja wa zamu, na mwaka mzima wa kwanza kila mtoto aanze kwa kusikiliza na kuandika kabla ya kuruhusiwa kusema. Sharti la mwisho lilipendekezwa na baba wa kijana yule.

Babu aliandika barua yake kama alivyoahidi, na nakala yake tunayo katika jalada la kamati. Hadi tunaandika makala haya jibu halijafika. Huenda akaonywa, huenda akachukuliwa hatua kubwa zaidi. Mwenyewe amesema atalipokea lolote. Ila tukio hili limetuonyesha jambo tulilopaswa kuliona mapema: kituo kizima kinasimama juu ya leseni ya mtu mmoja, naye ana zaidi ya miaka sabini.

Kwa hiyo ombi letu kwa wasomaji si la fedha. Waya wa shaba tunao, betri tunayo. Tunahitaji watu wazima, wanaume kwa wanawake, wenye elimu kidogo ya umeme au walio tayari kuisoma, watakaofuatilia leseni zao wenyewe na kukaa na watoto hawa. Nambari za Morse, zilizowatisha wengi zamani, si sharti la kimataifa tena tangu mwaka 2003. Wazazi wenye vijana wanaokesha na simu, wakisema mengi na kusikia machache, waje nao jioni moja waketi mbele ya mvumo ule. Wataona tabu mwanzoni.

Kijana yule bado anakuja. Amekwishaanza kusoma vitabu vya Babu kwa ajili ya leseni, na zamu zote huchagua kukaa na daftari. Wiki iliyopita tulimuuliza kwa nini haombi kipaza sauti, ilhali baba yake amekwishamruhusu. Alivua spika ya sikio moja tu, kwa adabu, ili atujibu.

"Ustadh," alisema, "kuna mtu nadhani namsikia."